Televisheni Tumenunua, Video Je?

Najua nimepotea. Bumu lilichelewa, bando likakata, halafu tukatawanywa fildi kila mtu na kona yake. Sasa nimerudi geto hapa Kanyenye na leo sina stori za kantini wala za nani kamuacha nani. Nina hoja moja imenikaba kooni, na kwa kuwa wengi mnaosoma hapa ni walimu watarajiwa kama mimi, naomba mnivumilie mpaka mwisho. Mkitaka kunipinga, nipingeni kwa hoja.

Hoja yenyewe hii hapa: shule zetu zinajua kununua televisheni, ila hazijui kununua video. Kitabu kinaingia shuleni kwa mlangoni. Video inaingia kwa dirishani.

Angalieni wenyewe. Kitabu kikija shule, kuna mtu anakipokea, kinagongwa muhuri, kinaandikwa kwenye leja ya stoo. Miaka mitano baadaye ukitaka kujua kilitoka wapi, unafungua leja unakuta. Video je? Inakuja mfukoni mwa mwalimu kwenye flashi. Yeye kaipata kwenye flashi ya mwenzake wa shule jirani, na huyo mwenzake aliwekewa na kijana wa steshenari kwa elfu mbili, pamoja na Bongo Fleva na tamthilia za Kikorea. Nani kaitengeneza? Hakuna anayejua. Inafuata muhtasari wa nchi gani? Hakuna anayejua. Mwenyewe karuhusu? Hapo ndio watu wanacheka kabisa.

Shule niliyokuwa fildi siitaji, maana jambo hili si lake peke yake na walimu wake walinipokea vizuri. Ila pale kulikuwa na video ya baiolojia, moyo wa binadamu unapiga, na katikati ya picha pamekatiza neno kubwa la Kiingereza lenye maana ya sampuli. Yaani kampuni iliitoa ya kuonjesha, ukiipenda ununue, sisi tukaonja miaka. Mtoto wa form two akanyoosha mkono: "Madam, hilo lililoandikwa hapo ndio jina la mshipa?" Darasa likacheka. Mimi sikucheka sana. Yule mtoto aliuliza swali la maana: tunaangalia nini, na kimetoka kwa nani?

Tulifikaje huku? Mi naona tulirithi. Zanzibar walianza kuwa na televisheni 1974, tena ya rangi, lakini Bara tulingoja mpaka 1994. Kwa hiyo kwa wengi wetu huku video haikuanza kama kifaa cha shule, ilianza kama kanda kwenye kibanda. Unalipa kiingilio, unakaa kwenye benchi, filamu ya nje inapigwa na mtafsiri anaongea juu yake kwa Kiswahili. Raha tupu, sikatai! Lakini pale kibandani hakuna aliyekuwa anauliza mwenye filamu ni nani. Video ilipofika darasani ikaja na tabia zake za kibandani.

Na haikuwa lazima iwe hivyo, maana filamu za kuelimisha katika nchi hii ni za zamani kuliko televisheni. Kati ya 1935 na 1937 kulikuwa na mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, makao yake Vugiri kule Usambara, fedha zikitoka kwa shirika la Carnegie la Marekani. Walitengeneza filamu 35, kuna za minyoo, za malaria, za mmomonyoko wa udongo, za benki ya akiba. Wakapakia mitambo kwenye lori wakazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda mpaka Nyasaland na Northern Rhodesia. Sitaki kuusifia ukoloni hapa. Wazungu ndio waliamua mtu mweusi aone nini, na hilo lina ubaya wake. Ninachosema ni kwamba kila filamu ilijulikana nani kaitengeneza, nani kalipa, imeonyeshwa wapi na watazamaji wameipokeaje, na mwaka 1937 wakayatolea kitabu. Lori la mwaka 1936 lilikuwa na kumbukumbu nzuri kuliko flashi zetu za leo. Aibu gani hiyo jamani?

Haya, tuje kwenye sheria, maana najua kuna mtu ameshaanza kusema "hakimiliki ni mambo ya wasanii na COSOTA, shule inahusikaje". Inahusika. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ni Namba 7 ya mwaka 1999, na Tanzania imo kwenye Mkataba wa Berne tangu 1994, kwa hiyo hata kazi ya Mmarekani au Mhindi inalindwa hapa Tabora. Ila sheria hiyohiyo haikumsahau mwalimu. Inaruhusu kazi iliyokwisha kutolewa kihalali itumike kama kielelezo cha kufundishia, kwa kadiri somo linavyohitaji, kwa uungwana, na chanzo na jina la mwenye kazi vitajwe. Msome tena hapo: kielelezo, kwa kadiri, jina litajwe. Kipande cha dakika tatu kuonyesha mmeng'enyo wa chakula, ukasema kimetengenezwa na fulani, hicho ni kielelezo. Kunakili mfululizo mzima wa vipindi 40, kufuta jina na kugawia shule tano, hicho si kielelezo, hiyo ni biashara ya mtu umeimaliza.

Kuna kitu kingine watu wanachanganya. Ukinunua diski umenunua diski. Haki ya kuinakili, kuitafsiri au kuionyesha mbele ya watu inabaki kwa mwenyewe mpaka akupe. Leseni ndio barua ya kukupa, na inakuja kwa sura nyingi. Kuna ya kulipa mara moja shule nzima itumie. Kuna ya kulipa kila mwaka, ukiacha kulipa mlango unafungwa, hata kama somo umelifikisha katikati. Kuna ya idadi ya kompyuta. Mkuu wa shule asiyesoma hiyo barua anaweza kulipa hela nyingi akidhani amenunua, kumbe amepanga chumba.

Nchi nyingine nazo zimeweka mipaka yake. Marekani, sheria yao ya 1976 inamruhusu mwalimu wa shule isiyo ya faida kuonyesha filamu darasani ana kwa ana na wanafunzi, iwe sehemu ya somo, na nakala iwe ya halali. Filamu ya Ijumaa jioni ya kujiburudisha haimo, hiyo inataka leseni. Uingereza, kuonyesha video kwa walimu na wanafunzi kwenye masomo hakuhesabiki kuwa ni maonyesho ya hadhara, lakini wazazi wakikaribishwa hesabu inabadilika. Yaani hata kwao haijaachwa holela, ila pia hawajamnyonga mwalimu. Pia pale England wizara ya elimu inalipia kwa pamoja leseni kadhaa kwa niaba ya shule za umma, mojawapo ni ya ERA inayoruhusu shule kurekodi vipindi vya televisheni na redio kwa ajili ya kufundishia. Mwalimu wa shule ya kijijini kule hahangaiki kumtafuta mwenye kipindi. Serikali imeshamalizana naye.

Sisi watu wa Tabora tulitakiwa tulielewe hili kuliko wengine. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kuja Unyanyembe na kuendelea Ujiji ililipa hongo kwa watemi njiani: nguo, shanga, waya. Hongo wakati ule haikuwa rushwa kama tunavyoiita leo. Ilikuwa ushuru wa kupita, na kiongozi wa msafara aliupigia hesabu kabla hajaondoka pwani. Njia ikifungwa, watu walizunguka. Mwaka 1871 Mirambo alipoibana njia ya Ujiji, Stanley alitoka hapa Tabora akazunguka kwa kusini. Halafu alipofika Uha, akachoka kulipa hongo kila hatua, akapita usiku kwa kunyata. Kwa hiyo njia ni tatu: ulipe, uzunguke, au unyate. Shule zetu zimechagua kunyata wakati hata hazijaulizia bei, wala kutazama kama njia ya kuzunguka ipo.

Sasa najua mtakachosema. "We dada vipi, shule haina madawati, vyoo vinatisha, unatuletea leseni za video?" Hoja hiyo naiheshimu, na nitaijibu kwa hesabu. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, ruzuku ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. Katika hiyo, 6,000 ilikwenda shuleni na 4,000 ilibaki juu kununulia vitabu. Sekondari ilikuwa 25,000, nusu shuleni nusu vitabu. Chukua shule ya msingi ya watoto 500. Mara 6,000 ni milioni tatu kwa mwaka, yaani laki mbili na nusu kwa mwezi. Hapo utoe chaki, karatasi za mitihani, kitasa kilichovunjika, bomba linalovuja. Mwalimu mkuu akikwambia hana hela ya leseni, hadanganyi. Mimi sitaki mwalimu mkuu alipe.

Lakini iangalieni vizuri ile 4,000 iliyobaki juu. Ile ndio jibu langu. Nchi ilishakubali kwamba kitabu cha kiada hakinunuliwi na kila shule kivyake, kinanunuliwa kwa pamoja na kupelekwa. Kwa nini video isifuate njia hiyohiyo? Taasisi ya Elimu Tanzania ipo, inajua mtaala mpya ulioanza kutumika 2024 unataka nini. Ofisi ya hakimiliki ipo. Wakae mezani na wenye video, ndani na nje, wapatane bei moja kwa shule zote za serikali, walipe, watoe orodha. Mwenye video akijua anauza kwa nchi nzima kwa mkupuo, bei ya kila shule inashuka sana kuliko shule moja ikigonga mlango wake peke yake. Wenzetu Kenya wana KICD, inaandaa vipindi vya redio na televisheni vya shule, na kwa sheria ya mwaka 2013 ina kazi ya kupitia na kuidhinisha vifaa vya kufundishia. Si kwamba kwao kila kitu kimenyooka, ila mwalimu anajua pa kuuliza. Sisi mwalimu anamuuliza kijana wa steshenari.

Na msiniambie nchi haina hela kabisa ya mambo ya teknolojia. Baada ya Sensa ya 2022 vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu viligawiwa kwa walimu. Jambo jema, mimi nilifurahi. Lakini kishikwambi bila kilichomo ni sahani tupu. Watu tunapenda kugawa sahani maana sahani inapigwa picha, inakatiwa utepe. Leseni huwezi kuikatia utepe.

Sasa anayeumia ni nani? Wengi wanafikiri ni kampuni fulani ya Ulaya ambayo wala haitujui. Hapana bwana. Anayeumia wa kwanza ni mwalimu Mtanzania anayeweza kutengeneza. Kumbukeni 2020, shule zilipofungwa Machi kwa ajili ya korona na wengi wakarudi mwisho wa Juni. Walimu walirekodi masomo kwa simu zao, ubao ukutani, mtoto wa jirani anashika simu. Video hizo zikapita kwenye magrupu ya WhatsApp, na nyingine bado zinazunguka mpaka leo, majina yameshakatwa. Namfahamu mwalimu mmoja wa kemia, jina namhifadhia, aliyekuta video yake ya taitresheni inauzwa ndani ya "paketi ya kidato cha nne" na mtu asiyemjua. Alikuwa amepanga kutengeneza mada zote za prakatiko. Akaacha. Alichosema ni kifupi: "Nitumie bando langu na Jumamosi zangu ili mwingine auze?"

Hapo ndipo kuna hasara ya kweli, wadau. Yule mwalimu akiacha, mtoto wa Kanyenye, wa Uyui, wa Sikonge, anabaki na video ya maabara ya nchi nyingine, vifaa ambavyo shuleni kwake havipo, lafudhi asiyoishika, mifano ya theluji. Anajifunza kwamba sayansi inafanyika kwa watu wengine. Halafu sisi tunalalamika kwamba hakuna video nzuri za Kiswahili zinazofuata mtaala wetu! Zitatoka wapi kama kila anayejaribu tunamkausha? Mti tunaukata wenyewe halafu tunauliza kivuli kiko wapi.

Na wanaojaribu wapo. Ubongo wanatengeneza katuni za kujifunzia pale Dar es Salaam, Ubongo Kids ilianza kurushwa TBC mwaka 2014, na ipo Akili and Me kwa wadogo. Wameweka na vifaa vya kupakua bure. Shule Direct, iliyoanzishwa na Faraja Nyalandu 2013, ina masomo ya sekondari kwa mtandao. Hawa wanajulikana majina, wana anwani, unaweza kuwauliza "naruhusiwa nini?" na wakakujibu. Shule ikianza kuuliza hivyo tu tayari imeshatoka dirishani imerudi mlangoni.

Wakati tunaisubiri serikali, njia ya kuzunguka ipo na ni halali. Inaitwa Creative Commons, leseni zake za kwanza zilitoka 2002. Mwenye kazi anasema mapema, bila wewe kumwandikia barua, nini unaruhusiwa. Jifunzeni herufi zake, ni chache. BY, mtaje mwenye kazi. NC, usiifanyie biashara, kwa hiyo wale wa twisheni ya kulipia muwe makini hapo. SA, ukiibadilisha nawe uitoe kwa masharti hayohayo. ND, usiibadilishe. Hiyo ya mwisho ndio inayotuhusu zaidi, kwa sababu kutafsiri ni kubadilisha. Ukiikuta ND huwezi kuiwekea sauti ya Kiswahili ukaigawa, hata kama nia yako ni nzuri. Tafuta isiyo na ND. YouTube masharti yake hayaruhusu kupakua hovyo, unapakua pale walipoweka kitufe chao au penye ruhusa, lakini kuna watu wanaoweka video zao kwa leseni ya CC na unaweza kuchuja utafutaji zitoke hizo tu. Na kama shule haina intaneti kuna Kolibri, programu ya bure: unapakia masomo yenye leseni huria kwenye kompyuta moja ukiwa mjini, ukirudi shuleni vishikwambi vinasoma kutoka kwenye kompyuta ile bila bando. Kwa shule zetu za huku hiyo ni dawa.

Sasa sisi wa edu. Kozi ya zana za kufundishia tunasoma, tunachora chati, tunakata maboksi, tunatengeneza modeli ya figo kwa udongo. Safi. Lakini niambieni, nani kati yenu ameshafundishwa kusoma leseni ya video? Kwenye kozi tuliyopita sisi halikuguswa. Tunatolewa kwenda darasani na flashi, bila maelekezo, halafu siku mwenye kazi akija juu anayetajwa jina ni mwalimu. Aliyegawa televisheni hatakuwepo.

Kwa hiyo pendekezo langu kwetu ni dogo, halihitaji bajeti wala waraka. Leja. Kila video inayoingia shule unayokwenda kufundisha iandikwe mistari minne: jina lake, aliyetengeneza, imepatikana wapi na lini, ruhusa yake ni ipi. Isiyojazika mstari wa nne iwekwe pembeni mpaka ijulikane. Mtaaluma akikushangaa, mwambie video ni kifaa cha kufundishia kama kitabu, na kifaa cha shule kinaandikwa. Mkiwa walimu watatu mmefanya hivyo kwa mwaka mmoja, shule ina orodha. Shule kumi zikiwa na orodha, mtu anaweza kwenda halmashauri na karatasi mkononi akasema: tunatumia hizi, hizi tunazo kwa halali, hizi tunazihitaji na hatuna uwezo, tununulieni. Sasa hivi tukienda tutasema nini? Kwamba tuna flashi?

Yule mwalimu wa kemia nimemwambia kuhusu hizo leseni za CC, kwamba anaweza kutoa kazi yake bure na jina lake likabaki, au akaamua kuuza na masharti yakaandikwa wazi. Hajanipa jibu. Kasema anafikiria. Mimi namuombea afikirie upande wetu, ila sitamlaumu akikataa.

Haya wadau, mlioenda fildi Nzega, Igunga, Urambo na kwingine, semeni. Shuleni kwenu video zilikuwa zinatoka wapi? Kuna shule hata moja mliyoikuta na leja yake? Kama ipo nitajieni, hiyo nitafurahi kuisikia jina. Tuko pamoja.